Sanduku Zuri la Ndosho

Mushagalusa hakuwa na nyumba, kwa kuwa moto wa volkano uliitiririkia Januari ile ukaigeuza jiwe. Hakuwa na viatu vya pili, wala kitanda, wala diploma zaidi ya cheti cha shule ya jioni. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamebaki bidoni moja, dumu la plastiki. Tena hakuwa na habari za mke wake, Mwavita, aliyepotelea katika umati uliokimbilia boti za Bukavu.

Alikuwa fundi wa chumba cha redio ya mawasiliano ya parokia, mtaani Keshero. Waasi walioshika mji walikataza watu kuzungumza redioni. Waliruhusu ujumbe wa maandishi tu, na huo ulipitia kompyuta. Kompyuta ya zamani iliungua. Parokia ikanunua nyingine kwa mafundi wa mtaa wa Ndosho, sanduku jeupe linalong'aa, limebandikwa jina la prosesa mpya, ubongo wa kompyuta.

Kiini cha mfumo, yaani programu inayoiendesha kompyuta, hujengwa kwa amri za familia fulani ya prosesa, na kiini hiki kilipaswa pia kukitambua kifaa cha redio. Kwa hiyo Mushagalusa alikijenga mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi. Katika orodha ya familia alichagua ile mpya kabisa, kama sanduku lilivyodai. Jenereta ilinguruma tangu asubuhi. Alipokipakia kiini kwenye sanduku jeupe, mstari mmoja ulitokea, kisha kikawa kimya.

Mlangoni alikaa Nyiransengimana, mpishi wa parokia.

"Papa, ordinatere yako imekufa?"

"Inafikiri."

"Hata bwana yangu hafikirie hivi, na ule mutu ni muvivu. Mulinunua hii wapi?"

"Ndosho."

"Na hukufungua? Ndosho banavalisha muzee koti ya bwana-harusi. Fungua."

Mushagalusa hakupenda kufundishwa kazi yake, lakini alichukua bisibisi. Ndani alikuta bodi kuukuu, ya miaka mingi kabla ya lile sanduku. Jina la prosesa halikusomeka: fundi wa Ndosho alikuwa ameligandishia feni kwa gundi, na kuing'oa feni kungevunja prosesa.

Mafuta yaliyobaki yangetosha kujenga mara moja tu. Akichagua vibaya tena, redio ingebaki bubu, naye angebaki bila kujua kama ana mke.

Alirudi kwenye orodha. Moyo ulimvuta achague familia ya katikati, maana ya zamani ingefanya kazi polepole. Lakini prosesa kijana huelewa amri za mzee. Mzee haelewi za kijana. Akashuka mpaka familia ya zamani kuliko zote, ile inayoeleweka na waliobaki wote. Kisha akaondoa kila kitu kisichohitajika, sauti, printa, michezo, ili ujenzi umalizike kabla ya mafuta.

"Itaenda polepole," alimwambia mpishi.

"Hata polepole, ifike tu."

Kiini kilimalizika jenereta ikiwa imeanza kukohoa. Redio na sanduku jeupe vilitumia betri. Akawasha. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja, mwingine, kwa uvivu, bila kusimama.

Ujumbe wa Bukavu ulikuwa umerundikana. Alisoma wa watu wengine kwanza, akaunakili kwa mwandiko safi, kwa sababu ndiyo kazi. Kisha ukaja huu: *Mushagalusa, parokia. Niko mzima, kwa dada yangu Élisabeth. Niliacha sufuria, nikabeba vitabu vyako. Mwavita.*

Akaketi juu ya bidoni tupu.

"Sasa unalia, papa?"

"Ni moshi ya jenereta."

"Jenereta imezimika zamani."

Redio haikuruhusu maneno mengi, naye alikuwa na mengi. Alimwandikia Mwavita barua ya karatasi: nyumba imekwenda, asirudi mpaka ardhi iache kutikisika, vitabu vifunikwe visipate unyevu. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa majivu. Nyiransengimana akampa tonge dogo la bugali. Akalipaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba mpaka likashika, akateremka bandarini na kumkabidhi karani wa boti, aliyeitia bahasha mfukoni na kufunga kifungo.