Chai ya Marehemu

Bunrye alikuwa mwanamke wa kushindana na kila mtu, hata na marehemu mumewe, ingawa tangu azikwe walikuwa wanapatana zaidi. Alikuwa amelima vitunguu saumu pale kijijini Uiseong karibu miaka hamsini. Mgongo ulishapinda, mdomo ulibaki umenyooka. Kwa hiyo mwanawe Gyutae alipompigia simu wiki tatu kabla ya sikukuu ya mavuno, hakukubali upesi.

"Mama, mwaka huu baba tumpe chai."

"Chai? Baba yako alikunywa chai lini?"

"Ndiyo maana nakuomba."

"Ameshakufa, Gyutae. Pombe itamdhuru nini?"

Gyutae akamweleza taratibu, kama mtu anayesema na mtoto. Yeye ndiye mwana wa kwanza. Siku hiyo yeye ndiye atakayepiga magoti mbele ya meza ya tambiko la baba na kushika kikombe, na ibada ikiisha yeye ndiye atakayepewa kikombe hichohicho anywe baraka. Ana miezi kumi na moja hajaonja kitu. Mkewe Hyerang alirudi mwezi wa nne pamoja na mtoto wao, Daon, kwa sharti moja tu: likipita tone, wanaondoka, na safari hii hawarudi.

"Tone!" Bunrye akacheka. "Mwanaume mzima unaogopa tone? Kaza moyo."

"Siyo moyo, mama. Kule kituo cha kuacha pombe wametufundisha. Wewe ukinywa kikombe, mwili wako unakwambia basi. Mimi wangu hausemi basi. Huo ni ugonjwa, siyo tabia."

Bunrye hakuelewa. Kwake ugonjwa ni kitu kinachoisha, kama homa, na miezi kumi na moja ni mingi kwa homa yoyote. Lakini alisikia sauti ya mwanawe ikitetemeka, akasema haya, chai.

Na alikusudia kweli. Asubuhi ya sikukuu aliamka, akapanga samaki, mapeasi na vikeki vya mchele mezani, akachemsha chai, akaimimina kwenye birika la shaba. Kisha akainua macho, akaiona picha ya mumewe. Mwanaume yule alikuwa amekufa kwa ini. Ndivyo ukoo wote ulivyosema, ini, na hakuna aliyewahi kuuliza ini lilifanywa nini. Kila mwaka Bunrye humtengenezea pombe ya mchele kwa mikono yake mwenyewe, nyeupe, safi kama maji ya kisima. Leo aje kutoka huko aliko, njia yote hiyo, apewe majani ya kuchemsha? Bunrye aliona aibu, jamani, aliona aibu mbele ya picha! Akaimwaga chai kwenye sinki, akajaza birika pombe.

Alijipa moyo kwamba Gyutae atakishika tu kikombe. Wakati wa baraka, yeye Bunrye atamnong'oneza shemeji yake Mansik, mdogo wa marehemu, akinywe badala yake.

Hyerang aliingia jikoni kuchukua sahani, akaliona birika.

"Mama, humo ni chai?"

"Ni chai."

"Kweli, mama?"

"Sasa wewe unadhani mimi nitamuua mwanangu?"

Hyerang akainamisha kichwa, akaomba radhi.

Mansik alifika na wanawe wawili, suti zao zikinukia dawa ya nondo. Bunrye akamtazama. Angemwambiaje? Watu wa ukoo waliambiwa kwamba mwaka jana Gyutae alilazwa kwa vidonda vya tumbo. Kumnong'oneza Mansik ni kukiri kwamba mwana wa kwanza wa nyumba hii ni mlevi. Akasema moyoni, ngoja kwanza, nitamwambia baadaye kidogo.

Ibada ikaanza. Gyutae akapiga magoti, akashika kikombe kwa mikono miwili, na Mansik akamimina. Bunrye alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Aliona mabega ya mwanawe yakikakamaa. Gyutae alikizungusha kikombe juu ya moshi wa ubani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikakabidhiwa kikawekwa mezani, wote wakasujudu. Ile baadaye kidogo ya Bunrye ikafika na kupita.

"Haya, baraka za kaka yangu," Mansik akasema akikichukua kikombe. "Mrithi kwanza!"

Gyutae akakipokea. Hakunywa. Akageuza uso, akamtazama mama yake, akamtazama kwa muda mrefu hata binamu mmoja akakohoa.

"Vipi, unaogopa baba yako ataamka akunyang'anye?" Mansik akatania.

Watu wakacheka. Bunrye naye akacheka. Gyutae akanywa.

Na hakuna lililotokea! Alikaa, akala samaki, akamtania Daon kwa jino lake lililong'oka. Bunrye akashusha pumzi. Unaona, akajiambia, kelele zote zile, na mtoto ni mzima. Hata walipopanda kilimani kufyeka nyasi za kaburi, na chupa ya pombe ya kumwagia kaburini ikiwa imebebwa na Gyutae mwenyewe, Bunrye hakushtuka. Wote waliposhuka, Gyutae alisema amalizie kona moja. Saa tisa alasiri Daon akatumwa kumwita. Alirudi akikimbia.

"Bibi, baba amelala kaburini kwa babu. Namwita haamki."

Hyerang hakupiga kelele. Alipanga nguo begini, akamvalisha mtoto viatu, akasimama kizingitini.

"Mama, nilikuuliza," akasema.

Ni hayo tu. Akamshika Daon mkono, wakaondoka.

Gyutae alikunywa siku kumi na nane mfululizo, mpaka polisi walipomwokota stendi, na hospitali ikamrudisha kituoni. Bunrye alipanda mabasi mawili kwenda kumwona, na ndoo ya kimchi, kabichi ya kuchachua, mapajani. Alimkuta amekonda, midomo imepasuka. Wakaketi kwenye benchi uani.

"Nilisikia harufu, mama. Kikombe kilipojaa tu, nilijua."

"Mbona ulikunywa?"

"Nilikutazama. Nilikuwa nangoja useme neno. Neno lolote. Ungesema hata wali unaungua, ningekiweka chini nikakimbilia jikoni."

Bunrye akajipiga kifua kwa ngumi. "Ni mimi niliyekuua, mwanangu. Ni mimi."

"Hapana. Mkono ulioinua kikombe ni wangu. Hapa wanatufundisha kulisema hilo kila asubuhi." Akamshika mama yake ile ngumi, akaishusha. "Lakini kwako siwezi kupona. Kule nyumbani kwetu watu tunaona aibu kuliko tunavyoogopa kufa. Usije tena, mama, mpaka nikupigie."

"Utapiga lini?"

"Sijui. Labda mwaka. Labda zaidi."

Bunrye akaisogeza ndoo ya kimchi miguuni pa mwanawe.

"Sasa nitajuaje kama uko hai?"

"Simu isipolia, niko hai. Nikifa, watakupigia wao."

Alirudi nyumbani, akapanda vitunguu. Mansik alipopita kuuliza habari za vidonda vya tumbo, alimwambia palepale, shambani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: ni ulevi, na baba yake pia ulikuwa ulevi, na wote wawili niliwatilia pombe mimi. Mansik aliondoka bila kuaga. Jirani zake wakiuliza kama mtoto amepiga simu, husema hajapiga, nao humwonea huruma na kuwalaani watoto wa siku hizi. Yeye huitikia tu.

Majira ya baridi yakapita bila simu. Machi, akipalilia, ikalia mfukoni, namba ngeni. Alikaa chini matopeni, vidole vikateleza mara tatu kabla ya kuipokea, akasikia sauti ya kijana mchangamfu akimtangazia magodoro, mawili kwa bei ya moja. Bunrye akalia kwa sauti, akamwambia asante, mwanangu, asante sana, Mbingu zikubariki, akarudia na kurudia, mpaka yule kijana akaamini amepata mteja, akaanza kuuliza anuani.