Foklifti Aliyopewa Shemeji

Tulipogoma kwa sababu ya moshi wa foklifti ya dizeli inayonyanyua magunia ghalani, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, hakugoma. Alipitia mlango wa nyuma akaiendesha foklifti ileile, sisi tumekaa getini juani. Wenzangu wamesahau, meneja anajifanya amesahau. Mimi ninayo yote kichwani.

Sasa meneja kaleta foklifti ya umeme kwa majaribio. Haina moshi, haina harufu, haina kelele. Ndicho tulichodai! Na nani kakabidhiwa ufunguo? Shemeji! Anazunguka nayo kati ya marundo ya unga, kiti bado kina nailoni, shingo kaikaza kama bwana harusi. Mimi nikaachiwa dizeli, inanitikisa hadi meno. Roho iliniuma, nisidanganye mtu. Hata chakula nyumbani hakikupita, maana mke wangu kutwa kumsifia mdogo wake.

Majaribio yalipokwisha, meneja akatukusanya tuchague: inunuliwe ya umeme, au dizeli itengenezwe. Nikawa wa kwanza kusimama.

"Dizeli! Hiyo nyingine haisikiki. Humu ndani tunapisha kwa kusikia mngurumo, hakuna anayegeuka kuangalia. Itagonga mtu."

Nilisema kweli, ila sicho kilichonisimamisha. Mama Sindano, anayeshona midomo ya magunia, alinisoma usoni.

"Si wewe uliyetutoa nje kwa ajili ya moshi? Leo moshi umekuwa mtamu? Au unamwonea wivu shemeji yako?"

Ghala zima likaangua kicheko.

"Usijali, shem," akadakia shemeji, "nitakupa lifti."

Mama Sindano alitaka kucheka na wenzake, kikohozi kikamkata. Akainama, akashika meza yake ya kushonea mpaka kikaisha. Kikohozi hichohicho ndicho kilichotupeleka getini.

Nikainua mkono. "Haya, ya umeme. Lakini ifungwe king'ora na taa."

"Vitafungwa," akasema meneja, haraka mno.

"Na dereva?"

"Dereva si tunaye?"

Ikanunuliwa, dizeli ikaondolewa, nami nikarudishwa kubeba magunia. King'ora bado tunakidai. Jana nimejitwika gunia, sijasikia chochote, mara sauti nyuma ya kisogo: "Pisha, shem!" Nikaruka pembeni. Akapita kakaa wima, hata kunitazama hakunitazama. Nikavuta hewa safi mpaka kifua kikajaa, nikamchukia upya.