Farasi Mia na Hamsini

Mimi ni fundi wa injini, na mdomo wangu una kasi kuliko mikono. Injini ya pikapu ya baba mkwe ilipokufa, tulikuta mbili kwenye duka la vipuri vilivyotumika: ya dizeli yenye nguvu za farasi themanini na nane, na ya petroli yenye mia na hamsini. Mzee ni seremala, kazi yake madawati na makabati. Akaigusa ile ya dizeli.

"Ya zamani ilikuwa kama hii," alisema. "Polepole, lakini inavuta."

Nilicheka, mbele ya mke wangu na muuza vipuri. "Themanini na nane? Hao ni punda, baba. Chukua hii."

Kila injini ilikuwa na karatasi yenye namba mbili. Ya farasi inakuambia gari litakimbia kiasi gani injini ikishachachamaa. Ya pili inakuambia injini ina nguvu gani ya kuzungusha magurudumu, na hiyo ndiyo inayong'oa mzigo pale uliposimama. Kwa dizeli nguvu hiyo huja mapema, injini ikiwa bado inanguruma chinichini. Hayo nilifundishwa zamani sana. Siku ile namba ya pili sikuisoma kabisa, nilikuwa naringa.

Tukafunga ya petroli. Gari likiwa tupu, kwenye lami tambarare, lilikwenda kama mshale. Mzee alishika mkanda kwa mikono miwili, akasema amepata mkwe fundi kweli.

Kisha ikaja siku ya kupeleka madawati kumi na mawili ya mbao nzito kwenye shule iliyoko juu ya kilima. Mkuu wa shule alitaka yafike kabla ya saa nne, la sivyo kazi iliyobaki angempa seremala mwingine. Katikati ya mwinuko nilisimama kumpisha mtu wa mkokoteni. Gari likakataa kuondoka. Nikiachia klachi, injini inazimika. Nikikanyaga mafuta, inapiga kelele, klachi inanuka, tunarudi nyuma. Lori kuukuu la dizeli lililojaa mchanga likatupita taratibu, dereva wake anapiga mluzi.

Baba mkwe alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaja dirishani.

"Mkwe, tatizo nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimekosea mimi, baba, basi.

"Umezidisha mzigo," nilisema.

Akayatazama madawati, kisha akanitazama mimi. "Nisamehe, mwanangu. Ningekuuliza kwanza."

Akaanza kuteremsha madawati sita, na mgongo wake ule mbovu. Tulipanda mara mbili, na madawati ya mwisho yalifika saa tano na nusu, mkuu wa shule ametusubiri getini kanuna.

"Gari halina kosa," mzee alimwambia. "Mimi ndiye niliyezidisha. Muulize fundi wangu huyu."

Mkuu akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini niliitikia, na kazi ikaenda kwa mwingine.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile, mzee anapakia nusu mzigo na kwenda safari mbili mbili, hata pasipo na mlima. Jana alipiga simu kuuliza kama madawati sita hayajazidi. Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu, anasikia kila neno.

"Punguza moja, baba," nilisema.