Kiti cha Greda

"Weka kifuani ipate joto," Nzau alinong'ona, akimtia Kaveke kichupa mkononi. "Mkojo ukiwa baridi watajua. Huu ni wa mpwa wangu. Hajaonja hata panadol."

Walikuwa nyuma ya tangi la maji, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara karibu na Mbumbuni. Mbele ya hema la muuguzi, madereva wa mitambo walipanga foleni wakisubiri kupimwa dawa za kulevya, wakitaniana kwa sauti kubwa kama watu wenye hofu.

"Ukipatikana na kitu, Mama Kanini, hiyo greda utaiona kwa macho tu," Nzau aliongeza.

Kaveke alijua. Ndiye mwanamke pekee pale aliyeendesha greda, mtambo wa kusawazisha barabara. Mtu akimwuliza alijuaje udongo umesawazika, alicheka akijipiga mapaja: makalio ndiyo yaliyomwambia. Kila jiwe lililopita chini ya kisu cha mtambo lilipanda kwenye kiti hadi kwenye uti wa mgongo.

Mwaka jana kisu kiligonga mwamba, mtambo ukaruka, na mgongo ukageuka adui. Daktari alimwandikia vidonge vya tramadol. Maumivu yakanyamaza. Lakini kila alipojaribu kuacha, mwili wote ulimlilia. Jasho, kuhara, miguu isiyotulia. Akaishia kwa mwenye duka la dawa kule mjini Salama, ambaye hakuwa na maswali.

Siku hizi kiti nacho kilikuwa kimenyamaza. Ijumaa iliyopita alirudisha greda nyuma asihisi wala asisikie kelele za watu, na Mutunga, msimamizi wao, akajitupa mtaroni kuikwepa. Mutunga alijipangusa vumbi, akalaumu breki. Kaveke akaiacha breki ibebe lawama.

Ndani ya choo cha mabati alikifungua kichupa. Akiumimina tu kwenye kikombe cha kupimia, kesho angeamka dereva. Lakini dereva gani? Alikitamani kiti kile cha zamani, kilichokuwa kikimwambia mambo, na hakuna mkojo wa mtoto wa watu ambao ungemrudishia. Akaumwaga shimoni. Akachuchumaa, mgongo ukimkata, akajaza kikombe kwa mkojo wake mwenyewe.

"Sista," alimwambia Wamaitha, muuguzi, "hiyo itaonyesha tramadol."

"Uliandikiwa na daktari?"

"Aliniandikia za wiki mbili. Hizo zingine nimejiandikia mwenyewe."

Wamaitha akaweka kalamu chini. "Na unataka kuacha?"

"Nataka. Lakini hata saa hii, sista, naongea na wewe nikitamani kimoja."

"Usiache ghafla ukiwa peke yako, utaumia. Nitakupeleka kliniki wakupunguzie polepole. Lakini mtambo hutapanda. Na kama utarudi, hiyo si mimi nitaamua."

Mutunga aliupokea ufunguo wa greda, akaugeuzageuza kiganjani.

"Ile Ijumaa," alisema. "Ilikuwa hiyo dawa?"

Kaveke akaitikia kwa kichwa. Mutunga akaenda zake bila kumkemea, na afadhali angemkemea.

Kliniki walimpunguzia dawa kidogo kidogo. Kulikuwa na siku alizopalilia mbaazi akiimba, na siku alizolala amekumbatia magoti huku mwanawe Kanini akimfunika leso. Kampuni haikusema ndiyo wala la. Nzau, aliyepewa ile greda, hakumpigia simu; alihisi msaada wake umedharauliwa.

Jumamosi moja, Kaveke akitoka sokoni, alimkuta Nzau kazini. Vumbi lilikuwa jekundu, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya vilima. Nzau akazima injini, akashuka.

"Mama Kanini."

"Nzau."

Nzau akalipiga tairi teke dogo.

"Inavuta kushoto," Nzau alisema hatimaye. "Mimi hainisikii."

"Huwa inataka kubembelezwa."

Nzau akakaribia kutabasamu. "Acha niende nichote maji," akasema, ingawa chupa iliyokuwa mkononi mwake ilijaa pomoni. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Injini ilikuwa ikipoa, chuma kikilia tik, tik. Kaveke akatua kikapu chake kando ya barabara. Mgongo ulimuuma, maumivu ya wazi, yake mwenyewe. Akashika chuma cha ngazi ya greda, bado kina moto, akabaki hapo, macho juu kwenye kiti kitupu.