Ng'ombe Wanne kwa Datsun Moja

Mzee Alawi hakutaka shilingi. Aliniambia hivyo mwezi wa pili mwaka themanini na nne, tukiwa nyuma ya duka lake mjini Babati, mbele ya Datsun ndogo ya milango minne, rangi ya maziwa, iliyoegeshwa pale tangu petroli ilipoanza kutolewa kwa kibali.

"Shilingi nitazifanyia nini, Mwalimu? Dukani kwangu mwenyewe hakuna cha kununua."

"Viberiti vipo, Mzee. Nimeviona. Viwili."

"Kimoja ni cha jikoni kwangu." Hakucheka. "Nataka ng'ombe. Majike wanne, na ufunguo ni wako. Tangu mwaka jana walipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, kila anayepita hapa analitazama hili gari kisha ananitazama mimi. Nimechoka kutazamwa."

"Kwa hiyo unataka nitazamwe mimi."

"Wewe mwalimu wa darasa la pili. Nani atakushuku una kitu?"

Nilikuwa na sababu moja tu ya kutaka gari, na sababu yenyewe ilikuwa na mimba ya miezi saba.

Miaka miwili kabla ya hapo, katikati ya masika, uchungu ulimshika mke wangu Philomena mchana. Basi halikuwepo. Tulipata lori la mahindi lililokuwa linaelekea Dareda, kwenye hospitali ya misheni, likakwama katika korongo la mwisho, likazama hadi ekseli. Mtoto alizaliwa juu ya magunia, mvua ikinyesha, chini ya turubai ambalo mimi na utingo tulilishika pembe. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Tangu siku hiyo watu wa Nakwa, kijijini kwetu, hawajui wamwiteje mke wangu. Wanawake wa rika lake ni Mama fulani na Mama fulani. Yeye wanamwita Philomena, kisha wanatazama pembeni.

Na siku ya kujifungua mimba hii nayo, tulipohesabu, iliangukia mwezi wa nne, katikati ya masika tena.

Ng'ombe wanne nilikuwa nao, ingawa ungekuja kwangu usingeona hata alama ya kwato. Marehemu baba yangu, mzee Romanus, alikuwa mtu wa juu, wa Mbulu, na kule hawaweki ng'ombe wote katika zizi moja. Unampa mwenzako akufugie. Yeye anapata maziwa na samadi, ndama ni wako, na siku ukimhitaji ng'ombe wako unakwenda kumchukua. Hakuna karatasi. Anayefuga hawezi kukukatalia, na wewe ukishasema unamchukua hurudi nyuma, maana kurudi nyuma ni kumchezea mtu pamoja na watoto wake. Kwa mpango huo ugonjwa wa mifugo haukumalizi, na mtu wa kodi akija anakuta fukara. Baba alikufa fukara mwenye ng'ombe wanne.

Nilimleta Fundi Elieshi alikague gari. Elieshi ni Mmeru aliyekuja Babati kutengeneza matrekta akasahau kurudi kwao. Alitandika gunia, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba nilimwuliza kama nimletee mto.

"Injini nzima," alisema sauti ikitokea chini. "Hii hata ukiitia uji itanguruma."

"Uji ninao. Petroli ndiyo sina."

"Ndilo la kwanza hilo." Akatoka, akafungua mlango wa abiria na kuinua zulia. Niliona ardhi, na sisimizi mmoja akipita na shughuli zake. "La pili ni hili. Bodi imeliwa na kutu. Utaziba kwa bati."

"Na la tatu? Maana nakuona umekunja uso."

Alipiga goti, akaingiza mkono chini ya gari na kukisimamisha kiganja wima ardhini. Ncha za vidole zikagusa chuma. "Tumbo lake liko chini, Mwalimu. Kwenye lami ya Arusha hili ni mtoto mzuri. Kwa masika ya kwetu..." Akajipangusa. "Sikukatazi. Wewe ndiye unajua unataka kwenda wapi na lini."

Nilimwambia ana moyo wa mchungaji wa mazishi. Akasema afadhali mchungaji, yeye hula baada ya mazishi.

Ukweli ni kwamba sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshajiona nyuma ya usukani. Mkuu wetu wa shule pale Maisaka alikuwa na baiskeli isiyo na kengele, akitaka kupita alipiga kelele kwa mdomo. Mimi ningepita na Datsun. Niliiambia nafsi yangu kwamba ni kwa ajili ya Philomena, nayo nafsi, kwa kuwa ni yangu, ikakubali.

Ng'ombe watatu niliwapata kwa maneno tu: mmoja Bagara, wawili kwa binamu zangu. Wa nne alikuwa Dareda kwa Redempta, Mama Fabiola, mjane wa rafiki wa baba. Alhamisi nilipanda baiskeli ya kuazima nikaenda.

"Shikamoo, Mama Fabiola."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kumwona ng'ombe wako."

"Nimekuja kumsalimu. Naona kanenepa kunishinda."

"Nani hajakushinda wewe?"

Alinipa maziwa katika kikombe cha bati, kimejaa hadi ukingoni. Watoto wake wanne walikaa kwenye benchi wakikitazama kikombe kikipanda na kushuka. Mahindi yao ya mwaka ule yalikauka yakiwa magotini. Nilikunywa nusu nikasema nimeshiba, na ile nusu ikapita mikononi mwao kabla sijafuta mdomo.

"Jumatatu nitakuja kumchukua," nikasema.

Aliokota kikombe. "Ng'ombe ni wako."

"Nataka kununua gari. Ni kwa ajili ya Philomena, siku yake ikifika."

"Ana miezi mingapi?"

"Saba."

Alitikisa kichwa, basi. Fabiola, binti wa miaka minane hivi, ndiye aliyeuliza: "Gari linakamuliwa?"

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka huko. Mama yake hakumkemea kama mama yeyote angefanya mbele ya mgeni. Aliniuliza jambo moja tu: "Utakuja na kamba, au uchukue hii yake?"

Jioni nilimweleza Philomena, nikaruka habari ya kikombe. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nataka kulipanda kwanza," akasema. "Sijawahi kununua hata kanga bila kuikunjua."

Jumapili Mzee Alawi alikubali, kwa sharti kwamba saa nane mchana lisitukute barabarani, maana miaka ile, kwa amri ya serikali ya kuokoa petroli, gari la mtu binafsi likionekana Jumapili baada ya saa nane lilikuwa halina la kujitetea. Betri ilikuwa imekufa. Tulilisukuma mimi na vijana wawili wa sokoni, likakohoa, likawaka. Philomena alikaa mbele. Mimi nilikunjwa nyuma, magoti kidevuni.

"Mwanangu, unaumia?" Mzee Alawi alimwuliza kila tulipopita shimo.

"Siumii, Baba."

"Mimi ndiye ninayeumia," nikasema. "Ila mimi si mteja."

"Wewe ndiye mteja. Yeye ndiye mwenye kununua."

Tulitoka mjini, watu wakageuka kututazama, nami nikawapungia mkono kama mbunge. Nilitegemea tungezunguka kidogo na kurudi. Philomena akasema, "Twende hadi korongoni."

"Korongo gani?" Mzee Alawi aliuliza.

Mimi niliyejua nikamwelekeza tu: mbele, mbele tena, kabla ya Dareda.

Lilikuwa kavu. Njia za matairi ya malori, zilizochimbwa wakati wa tope, zilikuwa zimekauka ngumu kama saruji, kila moja ikifika gotini. Mzee Alawi alisimamisha gari ukingoni, akaliacha likinguruma ili lisije likazima. Philomena alishuka, akateremka polepole, mkono kiunoni. Nilimfuata. Mimi nilikuwa nimeshasahau ni sehemu ipi hasa. Yeye alikwenda moja kwa moja, akasimama.

"Hapa," akasema.

Kisha akaligeukia gari pale juu, lilivyolala karibu na ardhi.

"Lori lilizama hapa, Damiani. Lori."

"Fundi anasema injini ni nzima."

"Sijakuuliza injini."

"Tutawahi. Dalili ya kwanza tu, tunaondoka."

"Na mvua ikiwa imetutangulia?"

"Nitakubeba."

"Wewe? Wewe ndoo ya maji unaitua mara mbili kutoka bombani." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, ukaacha. "Sitaki kupita hapa na uchungu tena. Hata kwa gari zuri kuliko hili. Nilikuwa nasikia ukipanga, ukipanga, nikawa najua kuna kitu sikitaki, ila sikujua ni nini hadi niliposimama hapa. Nataka kupita hapa nikiwa mzima. Leo ni mzima."

"Leo? Kwenda wapi?"

"Kwa Mama Fabiola. Kwake na hospitali ni mwendo wa kutembea. Nitakaa hadi nijifungue."

"Philomena, Alhamisi nimemwambia namchukua ng'ombe."

"Kamwambie humchukui."

"Nimeshatamka! Nirudi nyuma, halafu papo hapo nimwombe akuweke miezi miwili? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Mbele, kama watu wengine."

Nilitazama ile ardhi. Nilitafuta neno la kuchekesha, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kutoka mahali pagumu, na sikulipata. Palikuwa na jiwe, na nyasi kavu, na mke wangu amesimama. Nilielewa kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikitafuta gari, na yeye kwa miaka miwili alikuwa akitafuta jinsi ya kuvuka mahali hapa.

"Twende," nikasema.

Mzee Alawi alikuwa amesikia yote. Sauti inasafiri korongoni. Alitazama saa yake. "Saa tano kasoro. Kwenda na kurudi tunawahi. Ingieni."

"Mzee, lakini hili gari huenda sitalinu..."

"Nimesema ingieni."

Alipita pembeni, mwendo wa konokono. Hata hivyo katikati chuma kilisugua jiwe kwa mlio mrefu ambao sote watatu tuliusikia miguuni.

Redempta alitoka zizini aliposikia gari. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akamtazama ng'ombe. "Ulisema Jumatatu."

"Simchukui, Mama Fabiola."

Angeweza kunitukana; alifunga mlango wa zizi.

"Nilikosea kuja vile Alhamisi," nikasema. "Leo nimekuja kuomba. Naomba Philomena akae kwako hadi azae."

Alimwangalia Philomena kwa muda: tumbo, uso, miguu iliyojaa vumbi. Kisha akanigeukia na kuonyesha kwa mdomo bati la hospitali lililokuwa likimeta nyuma ya mikaratusi.

"Alhamisi ulipokuja, lile bati hukuliona?"

"Nililiona."

"Uliliona." Aliliacha neno hilo likae kati yetu hadi nikainamisha kichwa. "Maziwa yapo, kwa kuwa ng'ombe yupo. Unga sina. Utaleta unga kila Jumamosi, na ukija utapasua kuni."

"Nitaleta. Nitapasua."

"Fabiola! Hamisha ngozi yako ya kulalia. Mgeni atalala upande wa ukutani."

Philomena hakuwa amechukua hata nguo ya kubadili. Nilimwambia nitaleta Jumamosi, pamoja na ungo wake. Akasema ungo upo hapa, nilete sweta, na nisisahau kumwambia jirani afunge kuku. Tukasimama kama watu wanaoagana stendi, hakuna anayejua aondoke nani kwanza. Nikaondoka mimi.

Wakati wa kurudi nilikaa mbele. Tulipokwisha kuvuka korongo, Mzee Alawi alisema:

"Kwa hiyo hununui."

"Sinunui, Mzee. Nisamehe, nimekumalizia petroli."

"Petroli si ng'ombe. Haizai." Alibadilisha gia. "Mke wangu wa kwanza, Zuwena, alifia njiani. Kondoa huku, zamani. Nilinunua gari mwaka uliofuata."

Tuliingia mjini saa saba na nusu. Karibu na soko mwalimu mwenzangu Aniceti aliniona dirishani, akaruka akipiga makofi, akakimbia sambamba na gari.

"Mwalimu! Ndiyo umelinunua? Simama basi, nipande!"

Mzee Alawi alipunguza mwendo.

"Hapana," nikasema. "Nimempeleka Philomena Dareda."

Aniceti aliacha kupiga makofi, akashika ukingo wa dirisha. "Ameanza?"

"Bado," nikamwambia. "Ndiyo maana nimempeleka."