Mama, Leo Usigonge

Tangu nianze kufundisha darasa la nne, aliyekuwa akininyamazishia wanafunzi ni mama yangu mzazi, tena bila kukanyaga chumbani mwangu. Yeye anafundisha la tano, chumba cha pili, na kati yetu pana ukuta wa mbao mwembamba hata akikohoa namsikia. Watoto wangu hamsini na wawili wakianza fujo, anachukua kifutio cha ubao na kugonga: ko, ko, ko. Basi! Kimya. Amewafundisha mpaka wazazi wao, wanamwogopa kuliko sindano. Mimi, na miaka yangu ishirini na sita, wananiita Mtoto wa Mwalimu.

Miezi sita ya majaribio ilikuwa inakwisha. Mwalimu mkuu alisema Jumatano atakaa nyuma ya darasa langu aone kama ninalimudu. Nikilimudu, ni langu. Nikishindwa, analichukua.

Asubuhi hiyo tulipokuwa tunakunywa chai nikamwambia, "Mama, leo usigonge. Nakuomba."

"Wakichachamaa je?"

"Waache wachachamae. Ni wangu."

Akaninyoosha kola ya shati. "Haya, mwanangu. Sigongi. Haki ya Mungu."

Somo lilikuwa hesabu za sehemu. Mwalimu mkuu alijikunja kwenye dawati dogo, faili magotini. Ni mtu mpole mno, kwa hiyo watoto walimsahau upesi. Redio, binti ambaye hajulikani anazimwa wapi, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, kwani leo mama yako hayupo?"

Wakaangua kicheko. Nikasema nyamazeni, wapi! Nikapiga meza, na wao wakapiga zao. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chaki ikanikatikia.

Nikaacha kupiga kelele. Sikuwa na ujanja mwingine. Nikachukua karatasi, nikaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, nikainua juu bila kusema neno. Dawati la mbele wakanyamaza wapate kuona.

"Redio," nikasema taratibu, "nikiikunjua, utakuta vipande vingapi?"

"Sita! Hapana, ngoja, usiseme!" Akageuka nyuma. "Nyie, nyamazeni bwana, nahesabu!"

Wakaanza kutulia, dawati baada ya dawati. Vidole vikawa vinahesabu hewani. Moyo ukanienda mbio kwa furaha, maana miezi sita sikuwahi kuliona darasa likinitazama hivyo. Yalibaki madawati mawili tu ya nyuma.

Ko, ko, ko.

Wote wakafunga mikono na kutazama ukuta.

"Redio, vingapi?" nikauliza.

Redio alikuwa anautazama ukuta kama wenzake. Mwalimu mkuu naye akautazama, kisha akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye faili.

Wakati wa mapumziko nilimkuta mama mlangoni, kifutio bado mkononi.

"Nilivumilia, mwanangu, nikashindwa. Wanakuaibisha mbele ya mkubwa wako, nami nikae tu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Walikuwa wananyamaza, mama."

"Wapi! Nilisikia mwenyewe."

Nilitaka kumfokea. Lakini utamfokea nini mtu anayekuangalia hivyo, machozi yakimlengalenga? Nikameza hasira yangu yote.

Mwalimu mkuu akaja, mpole kama kawaida. "Pole, mwalimu. Kuanzia kesho utahamia chumba cha mama yako, umsaidie. La nne nitalishika mwenyewe kwanza."

"Si unaona?" mama akasema, uso umemng'aa. "Tutakuwa pamoja."

Kesho yake nilikaa nyuma ya darasa la tano nikisahihisha madaftari. Haikupita nusu saa, upande wa pili kukawa sokoni. Sauti ya Redio ilikuwa juu ya zote, na ya mwalimu mkuu haikusikika kabisa. Mama akatikisa kichwa, akaja mpaka nilipokaa, akanipa kifutio.

"Haya, leo gonga wewe."

Nikagonga mara tatu. Wakanyamaza wote, hata Redio.

"Unaona, mwanangu?" mama akasema. "Kumbe unaweza."