Kibati Namba Ishirini na Tatu

Walimwita Gazeti, na akiitwa anaitika. Mtu anayejua binti wa nani kakataa posa, nani kanunua kitanda kipya na nani kakirudisha dukani, ungemwitaje? Nyumbani kwake viti havitoshi, wageni wanakalia ndoo. Kwa hiyo siku hifadhi ilipotafuta mtu wa kijijini wa kusimamia lango dogo, lile la wakata nyasi, mhifadhi mkuu hakusumbuka na vyeti. Aliuliza tu, "Nani hapa anamjua kila mtu?" Vidole vyote vikaelekea upande mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka nyasi zikianza kukauka, hifadhi huchoma vitalu vyake kimoja kimoja, moto mdogo wa makusudi, ili baadaye usije ukazuka moto mkubwa ukala msitu na mashamba pamoja. Pakishachomwa huchipua majani mabichi, swala na nyati wakabaki humo humo badala ya kuja kuchungulia mahindi ya watu. Na kabla ya kitalu kuchomwa, wanawake wa kijiji huruhusiwa kuingia siku nne kukata nyasi za kuezekea, maana zingeungua bure. Ruhusa hiyo ilipiganiwa miaka sita, vikao mpaka makalio yakaota sugu. Mhifadhi alitia saini kwa sharti moja: akikutwa mtu ndani ya kitalu moto umeshawashwa, lango linafungwa.

Ukutani mwa kibanda cha lango palikuwa na ubao wenye misumari arobaini, kila msumari una kibati cha namba. Anayeingia anapewa kibati chake, anakifunga kwenye pindo la kanga. Akitoka anakirudisha. Ubao ukijaa, kitalu ni kitupu. Hapo Gazeti anabonyeza redio na kusema, "Ubao umejaa," na kikosi cha moto kinawasha.

Kila mtu arudishe kibati chake kwa mkono wake, ndivyo karatasi ilivyosema. Lakini karatasi haijawahi kubeba mzigo wa nyasi kichwani. Mwenye mzigo hawezi kuinama kufungua fundo, na akiutua, nani atamtwisha tena? Basi tangu wiki ya kwanza wakawa wanafunguliana vibati huko huko ndani, mmoja anakuja na vya wenzake watano sita mkononi. Gazeti alivipokea. Angekataaje? Hawa ni mawifi zake, mashoga zake, mama zake wadogo. Tena foleni ikipungua ndipo maongezi yanaponoga.

Siku ya mwisho ya kitalu cha saba walitoka mapema. Firimbi ya kwanza, ya kufunga mizigo, ilipigwa saa saba na nusu. Ya pili, ya kutoka, saa nane. Wanawake wakamiminika langoni na mizigo yao kama vichuguu vinavyotembea, huku Gazeti akipokea vibati, akitundika, akicheka. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja na sita kwa mpigo.

"Shika mali yako," wifi alisema. "Na ukome kumwambia kaka kwamba mimi nakoroma."

"Sikumwambia, wifi. Alisikia mwenyewe kutoka kwake."

Saa nane na nusu msumari wa mwisho ukapata kibati. Gazeti akabonyeza redio. "Lango dogo hapa. Ubao umejaa. Ova."

"Nimekupata," ilijibu sauti ya Sajini, mkuu wa kikosi cha moto. "Saa tisa tunawasha."

Wanawake walikuwa wametua mizigo nje ya lango, wakijipepea na ncha za kanga, wanangoja jua lipungue makali ndipo waanze safari ya nyumbani. Gazeti akajikalia kwenye kiti chake mlangoni. Alikuwa na desturi moja: jioni humsimulia mumewe siku nzima, mtu kwa mtu, nani alipita na alisema nini, kwa hiyo alasiri huzipanga habari zake kichwani kwa kufuata namba za ubao. Namba nne, ndala imekatika, katembea peku na matusi juu. Namba tisa, mkwewe mtarajiwa ana jino la dhahabu. Namba kumi na saba kamnunia kumi na nane, sababu haijajulikana, itajulikana tu. Nje huko, upande wa mbali wa kitalu, uzi wa moshi ulianza kupanda. Saa tisa kamili. Sajini hachelewi.

Namba ishirini na tatu.

Hapo hadithi ikagoma. Ishirini na tatu ni mama mkwe wake. Na mama mkwe hajawahi, hata siku moja, kupita lango lile bila kusimama mbele ya kiti, akamtazama juu mpaka chini na kusema, "Bado umekaa tu? Kumbe kuna mshahara wa kukaa!" Asubuhi alisema hivyo akiingia. Akitoka?

Gazeti alirudi nyuma kichwani, kumi na saba, kumi na nane, ishirini, akaja mbele tena taratibu. Hakuna. Akageuka kuutazama ubao. Kibati ishirini na tatu kilikuwa pale, kimetulia, kinang'aa. Akatoka nje mbio, akawatazama wanawake waliokaa, sura moja moja, kisha mizigo. Aliihesabu mara mbili. Thelathini na tisa.

"Wifi! Mama yuko wapi?"

"Si yuko..." Wifi alitazama kushoto, akatazama kulia. "Si alikuwa nyuma yetu?"

"Kibati chake ulinipa wewe!"

"Nilikifungua mimi, ndiyo. Alikuwa upande wa korongo, anafunga mzigo. Akasema tangulieni, nakuja, kuna nyasi nzuri mmeziacha kama vipofu." Wifi alisimama, mkono mdomoni. "Nikajua anakuja. Mama anavyopenda kutangulia!"

Wote walikuwa wamesimama sasa. Moshi ulikuwa umeshanenepa, si uzi tena, na upepo uliokuwa mpole asubuhi ulikuwa unausukuma upande wa kwao. Gazeti akageuka kuelekea redio. Wifi akamdaka mkono.

"Ngoja. Ukisema redioni anasikia mhifadhi, anasikia na dunia nzima. Lango linafungwa. Vitalu vitano vimebaki! Mimi nina nyumba haina paa, wewe unajua."

"Wifi, niachie."

"Mimi na wawili hawa tunakimbia, tunamtoa. Dakika kumi. Njia naijua."

"Dakika kumi moto utakuwa wapi?"

"Labda katokea upande wa korongo," alidakia mwenye namba tisa. "Yule mama yule hapotei. Utatuchomea riziki bure, halafu tumkute nyumbani anakunywa uji."

"Kabisa," mwingine akasema. "Yeye mwenyewe asingetaka useme."

Na hilo ndilo lililomshika Gazeti miguu, kwa sababu lilikuwa kweli. Mama mkwe ndiye aliyekwenda vikao vyote vya miaka sita, ndiye aliyempigia meza mkuu wa hifadhi. Angeweza kabisa kumtemea mate kwa kulifunga lango kwa ajili yake. Gazeti alisimama mlangoni mwa kibanda, ulimi ule usiokauka umekauka. Akafikiri: labda kweli yuko korongoni. Akafikiri: wakimbie hawa watatu, halafu watakuwa wanne ndani. Alisikia mlio, mbali, kama mvua inayoanza juu ya bati, na mbingu ilikuwa nyeupe bila hata wingu.

Akajinasua, akabonyeza redio.

"Sajini, zima moto. Kuna mtu ndani. Narudia, kuna mtu ndani ya kitalu."

Redio ikakoroma. "Lango dogo, si ulisema ubao umejaa?"

"Umejaa. Lakini mtu hayupo hapa. Ni mama, mtu mzima, firimbi anaisikia nusu nusu. Alikuwa upande wa korongo, penye nyasi ndefu."

Ikaja sauti ya Sajini, si kwake tena, ikipiga kelele kwa watu wake: simamisheni, shusheni madebe ya kuwashia, leteni boza la maji upande wa korongo. Halafu sauti ya tatu, tulivu, aliyoijua: mhifadhi mkuu. "Nakuja langoni."

Nyuma yake mtu mmoja alisonya.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kusema. Redio ilitoa vipande: "...mstari wa pili haujawashwa..." "...moshi mzito hapa, hatuoni..." "...mama! mama, we!..." Kila kipande Gazeti alikipokea kama kofi. Wifi alikuwa amekaa chini, kanga usoni, anasema peke yake, "Nilikifungua mimi. Kwa mkono wangu." Swala watatu waliruka barabara mbele ya lango, macho yamewatoka, wakapotelea kitalu cha nane. Majivu yakaanza kudondoka juu ya mizigo ya nyasi, laini, na wanawake wakawa wanayapangusa bila kutazamana.

"Tumempata." Ni Sajini, anakohoa. "Mzima."

Kilio kilichotoka langoni pale kilikuwa kimoja, hata kwa aliyesonya.

Gari la mhifadhi na gari la kikosi yalifika pamoja. Mama mkwe alikuwa nyuma, kati ya askari wawili, uso mweusi, mundu bado mkononi kana kwamba atanyang'anywa. Walikuwa wamemkuta korongoni, ameingia chini ya ukingo wa mchanga, kajifunika kanga aliyoilowesha kwa maji yake ya kunywa. Moto ulikuwa umefika hatua mia mbili kutoka pale. Mzigo wake wa nyasi aliuacha juu.

"Ile ya pili nilijua ni firimbi ya kwanza," alisema, sauti imekwaruzika. "Wapige kwa nguvu basi! Wanapiga kama wanaita paka."

Gazeti alimshusha garini, akamwagia maji mikononi, akamnawisha uso kama mtoto. Mama mkwe aliyapeleka macho pembeni, lakini alimshika kiganja na hakukiachia.

Mhifadhi mkuu aliingia kibandani, akasimama mbele ya ubao uliojaa. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na siku zote ilikuwa afadhali angefoka.

"Kibati hiki kilitundikwaje, na mwenyewe yuko korongoni?"

"Kililetwa na mwenzake, mkuu."

"Nani?"

Wifi alikuwa mlangoni. Hakuinua macho.

"Nilikipokea mimi," Gazeti alisema. "Kazi ya kukataa ilikuwa yangu."

Mhifadhi akauliza lile swali ambalo Gazeti alikuwa akiomba lisije. "Imetokea leo tu, au ndivyo mnavyofanya?"

Wanawake walikuwa wamejikusanya dirishani, na ungeweza kuzisikia pumzi zao. Leo tu. Maneno mawili. Kosa la siku moja mkuu angeweza kulisamehe, au kulifunga lango wiki moja. Gazeti alitazama nje, akaona sura zote zinamtazama, zinamwomba kwa macho. Akaona na ya mama mkwe, yenye majivu masikioni, na alifikiri kuhusu vitalu sita vilivyopita. Kila kimoja alisema ubao umejaa, na kila kimoja kiliwashwa kwa neno lake, na hakuna hata mara moja aliyokuwa akijua kwa hakika kwamba ni kitupu.

"Kila siku, mkuu," alisema. "Tangu wiki ya kwanza."

Mhifadhi alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeongezewa mzigo. Aliwaambia wanawake kwa sauti ile ile ndogo kwamba lango limefungwa mpaka kikao, na kikao hakijulikani ni lini, na vitalu haviwezi kungoja, vitachomwa. Kisha akanyoosha mkono, na Gazeti akampa ufunguo na redio.

Wanawake walitwishana mizigo kimya kimya. Walipita mbele yake mmoja mmoja, wale aliozoea kuagana nao mpaka jua linazama, na hakuna aliyemwambia kwaheri. Wifi alipita wa mwisho. Alisimama kidogo, akaenda.

Akabaki mama mkwe, amekaa kwenye kile kiti, miguu haijapata nguvu bado.

"Wamekusema?" aliuliza.

"Bado, mama. Wataanza wakifika njia panda."

"Ulijuaje sikutoka?"

Gazeti alimpangusa majivu masikioni. "Nilijua tu."

Mama mkwe alikohoa kwa muda mrefu, akatema pembeni, cheusi. "Nami ningekuwa hapa langoni, aliye ndani ni mwingine," alisema, "sijui kama ningesema. Ile ruhusa niliipigania mimi." Alijaribu kusimama, akayumba, akamwekea mkwewe mkono begani. "Kesho nitakwenda kuwatuliza, nyumba kwa nyumba. Wewe usije. Ukija utaongea."

Wakaanza kutembea. Mbele yao mizigo thelathini na tisa ilikuwa inakata kona, na hakuna aliyegeuka nyuma.